Moshi: Duka lilinifungia raita ya DVD, kompyuta ikagoma kuwaka, kisha fundi wao akataka kunifutia kazi za wateja

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaleta malalamiko haya hapa kwa sababu nimeshayafikisha kwa wahusika ana kwa ana na kwa simu, na jibu walilonipa ni kuninyooshea kidole maandishi yaliyo chini ya risiti yao, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi sikuomba kurudisha mali. Raita ya DVD niliyouziwa ni nzima na inachoma diski bila shida yoyote. Ninacholalamikia ni kazi ya kuifunga, na zaidi ya hapo ni ujasiri wa fundi wa duka lile kutangaza kwamba Windows yangu imekufa, baadaye kwamba diski ngumu imekufa, na mwisho kwamba bodi kuu ndiyo iliyokufa, ilhali hakuwahi kufungua ukurasa wa mipangilio ya BIOS (programu ndogo iliyo kwenye bodi kuu, inayoamsha mashine kabla ya Windows), ambako tatizo lilikuwa limekaa peupe. Jina la duka silitaji, kwa kuwa nimewapa nafasi ya kulimaliza jambo hili kiungwana na nafasi hiyo bado ipo.

Ninaendesha studio ndogo ya video hapa Moshi: harusi, kipaimara, ubatizo na misiba. Wapo watakaouliza ni nani bado anachoma DVD wakati kila mtu ana flashi na simu janja. Waje mwezi Desemba, watu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kurudi nyumbani, ndipo watakapopata jibu. Bibi wa Kibosho au wa Rombo ana deki yake sebuleni, na anachokitaka ni diski yenye picha ya mjukuu kwenye kava, si kiungo cha kubofya kwenye simu. Raita yangu ya zamani ilikuwa imechoka lenzi, ikawa inakataa diski katikati ya kazi, ndiyo maana nikanunua mpya kwa shilingi 45,000, bei ambayo waliniambia imejumuisha na ufundi.

Mashine ilikwenda dukani ikiwa inawaka vizuri, ikalala huko, na ilipowashwa mbele yangu ili niichukue, ikagoma. Naomba nieleze ilivyogoma hatua kwa hatua, maana dalili zenyewe zilikuwa zinataja ugonjwa. Kwanza kilitokea kioo cheusi chenye maandishi meupe yaliyosema kwamba kumbukumbu ya BIOS imepoteza mipangilio yake na mipangilio ya kiwandani imepakiwa, hivyo mtumiaji abonyeze F1 ili aendelee. Fundi aliibonyeza F1 huku akiongea na mteja mwingine. Baada ya hapo vile vimwanga vinne vya rangi vya Windows 7 vikaanza kujikusanya, na kabla havijakutana, skrini ya bluu ikamulika kufumba na kufumbua, mashine ikajizima na kujiwasha upya. Ikarudia vilevile, na ikaendelea kurudia.

Nilimwuliza, "Mwanangu, si hii imekuja hapa ikiwa nzima?" Akanijibu kwamba Windows imekufa, tuipige mpya kwa shilingi 25,000, na kwamba vitu vya D vitabaki ila vya C vitaondoka. C na D ni sehemu za diski ngumu, Windows ikikaa kwenye C, na kwenye C ndiko programu yangu ya kuhariri inakohifadhi miradi ambayo haijakamilika, na wakati huo nilikuwa na harusi za watu ambao wameshalipa malipo ya awali. Nilipokataa, alijaribu njia ya usalama (Safe Mode, inayowasha Windows kwa vitu vya lazima tu), ikagoma. Akajaribu zana ya Windows ya kujirekebisha yenyewe, nayo ikatoa jibu kwamba haiwezi kurekebisha. Akachomoa raita mpya, ugonjwa ukabaki palepale. Kwake yeye huo ulikuwa ushahidi kamili kwamba duka halihusiki. Ndipo ilipofuata diski ngumu, kisha bodi kuu, kisha maneno ambayo bado yananichemsha: "Mama, hapo imekula kwako." Wakanitoza shilingi 15,000 ya uchunguzi, na mashine haikutoka kaunta mpaka nilipoilipa.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wenyewe, ule ambao haukufanyika.

Skrini ya bluu inapomulika na kutoweka, hakuna anayeweza kuisoma, na fundi asiyeisoma anapiga ramli. Katika Windows 7 inatosha kubonyeza F8 mara tu mashine inapowaka, kabla ya vile vimwanga, na kuchagua mstari unaozuia mashine kujiwasha upya inapofeli. Nilifanya hivyo nilipofika ofisini, na skrini ikatulia na kuonyesha msimbo wake: 0x0000007B. Msimbo huo una maana moja ya msingi, nayo ni kwamba Windows imeanza kupanda lakini haiwezi kuifikia diski inayopandia. Haisemi kwamba diski imekufa. Diski iliyokufa isingeweza hata kuleta vile vimwanga, kwa sababu picha hiyo yenyewe inasomwa kutoka kwenye diski hiyohiyo.

Inawezekanaje basi diski isomeke mwanzoni na ishindikane kusomeka baada ya sekunde chache? Mwanzoni ni BIOS inayoisoma kwa niaba ya Windows. Baadaye Windows huishika yenyewe kwa kutumia draiva yake, yaani programu ndogo ya kuongea na kifaa, na draiva hiyo huchaguliwa siku Windows inapopigwa, kulingana na namna kidhibiti cha SATA (sehemu ya bodi kuu inayoongoza diski) kilivyopangwa siku hiyo. Kwenye BIOS za mashine nyingi za umri wa yangu kuna namna mbili kuu, IDE na AHCI. Windows 7 iliyopigwa wakati kidhibiti kiko AHCI haiwashi draiva ya IDE mwanzoni mwa safari, kwa hiyo ukikigeuza kidhibiti bila kuitayarisha kwanza, inafika getini na kukuta kufuli limebadilishwa. Njia ya usalama nayo inagoma kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa hata yenyewe inahitaji kuifikia diski. Kuchomoa raita hakusaidii pia, kwa sababu raita haikuhusika na ugonjwa huo. Majaribio yote ya fundi yalikuwa yanaelekeza sehemu moja, naye akaangalia kwingine.

Ni nani basi aliyegeuza kidhibiti? Hilo nilioneshwa na fundi wa redio wa mtaa wa Majengo, mzee ambaye hana kibao wala cheti cha kompyuta ukutani. Alifungua kasha, akaitoa ile betri ya duara iliyo kwenye bodi, aina ya CR2032, akaigusa kwa vijiti vya multimita yake yenye kioo kilichopasuka. Betri hiyo ikiwa nzima inatakiwa kutoa takriban volti 3. Ya kwangu haikufika hata volti 2. Betri hii ndiyo inayolinda mipangilio ya BIOS na saa wakati mashine haina umeme kabisa. Studioni mashine yangu imechomekwa kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba ya umeme) muda wote, na pawa saplai huendelea kuilisha kumbukumbu hiyo hata mashine ikiwa imezimwa, ndiyo maana uchovu wa betri haukuonekana. Duka lilipoichomoa na kuilaza usiku mzima bila umeme, mipangilio ikafutika, kidhibiti kikarudi kwenye IDE ya kiwandani, na asubuhi yake yakaja yale maandishi meupe ambayo fundi aliyaruka kwa F1.

Mzee alifunga betri mpya, tukaingia BIOS, na ukurasa wa kwanza tu ukatusalimu kwa tarehe ya Januari 2009. Mtu yeyote aliyefungua ukurasa ule angeiona tarehe hiyo na kujua kwamba mipangilio imepotea. Tukarekebisha tarehe, tukaenda kwenye sehemu ya SATA, tukatoa IDE tukaweka AHCI, tukahakikisha diski ngumu ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kuwasha, tukahifadhi kwa F10. Windows ikapanda hadi mwisho na miradi yangu yote ikiwa mahali pake. Mzee alidai shilingi 2,000 pamoja na betri. Betri za aina hiyo, niongeze, duka lile linaziuza. Zimening'inizwa kwenye kadi nyuma ya kaunta, juu kidogo ya kichwa cha huyo aliyeniambia kwamba imekula kwangu.

Tulipokuwa bado tumelifungua kasha ndipo nilipokutana na jambo la pili, na kwangu hili ni zito kuliko la kwanza. Pawa saplai yangu haikuwa na kichwa cha ziada cha SATA, hivyo fundi alitumia adapta inayotoka kwenye kile kichwa cha zamani cha pini nne kwenda SATA, tena ile ya bei ya chini ambayo nyaya zake zimefunikwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa juu yake. Aina hiyo inajulikana kwa ubaya miongoni mwa watu wa kompyuta, kwa kuwa ndani ya plastiki nyaya zinaweza kukaribiana hadi zikagusana, na waya wa volti 12 ukigusana na mwenzake, plastiki inaungua na moto unaweza kuanza. Zipo adapta ambazo kila waya umebanwa peke yake kwenye pini yake na unaonekana kwa macho, na tofauti ya bei ni ndogo. Ya kwangu ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kahawia upande mmoja, na mzee alipoinusa alinitazama bila kusema kitu. Raita yenyewe ilikuwa imefungwa skrubu upande mmoja tu wa kasha, kwa hiyo diski ikizunguka kwa kasi ya 16 kasha zima linatetema. Nimeambiwa kwa simu kwamba huenda pawa saplai yangu ndiyo dhaifu. Raita ya DVD kwa kawaida haifikishi wati 30; kama pawa saplai ya wati 300 ingekuwa imeshindwa kuibeba, mashine ingezimika wakati wa kuchoma, si wakati wa kuwaka huku raita ikiwa imechomolewa na kuwekwa mezani.

Kwa wale ambao yamewakuta au yatawakuta: kabla hujamruhusu mtu kukupigia Windows mpya baada ya kufungiwa kifaa chochote ndani ya kasha, mtake akusomee msimbo wa skrini ya bluu na akuonyeshe tarehe iliyo kwenye BIOS. Mwombe pia aangalie kama waya wa diski ngumu umerudishwa kwenye tundu lake la awali, kwa sababu kukiwa na raita kwenye tundu la kwanza, baadhi ya mashine huanza kutafuta mfumo kwenye raita na kulalamika kwamba hakuna diski ya kuwashia. Mwenye Windows 7 iliyopigwa kwenye IDE na ambaye sasa anataka kuhamia AHCI asiguse BIOS kwanza. Aingie kwenye rejista (registry, hazina ya mipangilio ya Windows), sehemu ya huduma ya msahci, ambayo ni draiva ya AHCI, aweke thamani ya Start kuwa 0, ndipo abadilishe. Mwenye Windows 10 anaweza kuiagiza ipande kwa njia ya usalama, akabadilisha kwenye BIOS, ikapanda mara moja na kujipanga yenyewe, kisha akaondoa agizo hilo. Katika hali zote hizo hakuna faili hata moja linalohitaji kufutwa, ingawa ni busara mtu kuwa na nakala kwenye diski ya nje kabla ya kugusa rejista.

Ninachodai kwa duka lile ni mambo machache. Nirudishiwe shilingi 15,000 ya uchunguzi ambao haukufanyika. Nipewe adapta ya aina salama badala ya ile iliyoungua, nami ile iliyoungua nimeitunza na picha zake nimezipiga. Raita ifungwe skrubu pande zote mbili, kazi niliyoilipia ndani ya ile 45,000, na ifungiwe studioni kwangu, kwa sababu mashine hii haitalala tena kwao. Wakiendelea kunisomea maandishi ya chini ya risiti, nitaandika barua kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, na nitaambatisha risiti, picha za adapta na betri ya zamani. Barua nimeshaianza, nimeacha wazi nafasi ya jina la duka.