Mawakala wa kazi za chekechea China, acheni kutuuza kwa viza ya biashara!

Wakuu, nimekaa kimya vya kutosha.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: China wanataka walimu wa Kiingereza wa chekechea, chumba bure, "njoo na viza ya biashara, utabadilishiwa ukifika". Mimi nilienda kwa maneno hayohayo na sikubadilishiwa chochote. Kibali cha kufundisha Kiingereza kule kwa kawaida anapewa raia wa nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kwanza, tena awe na shahada na uzoefu wa miaka 2. Wakala anajua hilo kabla hajapokea hata senti yako. Anajua pasipoti yetu itakwama, na bado anakukatia tiketi!

Mkuu wa shule aliwaambia wazazi natoka Marekani. Mimi mtu wa Morogoro! Nikakatazwa kusema vinginevyo, huku narekodiwa video kila siku zinarushwa WeChat, kwenye grupu la wazazi, waone shule ina mwalimu wa kigeni.

Siku ya ukaguzi ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa na darasa la wadogo kabisa, wa miaka 3, tumekaa chini tunaimba majina ya rangi. Msaidizi akaingia mbio, akanipa mkoba wangu, akanitoa kwa mlango wa jikoni. Katoto kamoja kaling'ang'ania suruali yangu kanalia, ikabidi kabanduliwe vidole. Nikajibanza kwenye ngazi za jengo la jirani mpaka watoto walipolazwa mchana. Mwisho wa mwezi siku ile ikakatwa kwenye mshahara, eti sikumaliza vipindi.

Na msidhani ni kosa dogo. Sheria yao ya uhamiaji, inayotumika tangu Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Mwajiri naye ana faini, 10,000 kwa kila mtu, na aliyekutafutia kazi pia ana yake. Lakini wao wakishalipa, kesho yake geti linafunguliwa kama kawaida. Wewe unaweza kurudishwa kwenu mikono mitupu.

Mdogo wangu unayefungasha begi sasa hivi, viza ya kazi ni Z, inaombwa ukiwa bado nyumbani. Mwambie wakala akutumie kwanza barua ya kibali cha kazi yenye jina lako na jina la shule utakayofundisha. Akianza kukuzungusha, usimpe hela.

Na wewe wakala uliyenipeleka, najua huwa unapita humu. Mshahara wangu wa mwezi wa mwisho ulipitia kwako na haujanifikia. Nautaka wote.