Mrejesho: mwanangu aliyekuwa akitokwa na kamasi tundu moja

Wakuu, nimerudi. Juzi niliuliza kuhusu mwanangu wa miaka 3 aliyeanza ghafla kutoka kamasi nyeusinyeusi yenye harufu, tundu la kulia tu, na mafua hana. Wengi mlisema kuna kitu kimekwama, nisichokonoe, nikimbie hospitali.

Kweli bwana. Picha ya eksirei ilionyesha duara lenye ukingo maradufu: betri bapa ya rimoti! Ikatolewa palepale. Daktari alisema betri ile hata isipopasuka inadhuru. Unyevu wa pua unapitisha umeme, inatengenezwa alkali kali inayounguza nyama ndani ya saa chache. Ukuta wa katikati ya pua umeungua kidogo ila haujatoboka. Wiki ijayo tunarudi aangaliwe tena.

Aliyenishauri nianze na matone ya maji ya chumvi, samahani, daktari amekataza kimiminika chochote puani betri ikiwa bado imo ndani. Ile mbinu ya kuziba tundu lisilo na kitu na kumpulizia mdomoni inafaa kwa shanga, si kwa betri.

Rimoti zote nimezifunga selotepu. Baba yake ananung'unika tu.