Ekzosi mpya ya Peugeot 504 inavuma mno: naomba ushauri wa kuituliza

MkaziWaNdiaKuu

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninalo gari aina ya Peugeot 504 saluni, lenye injini ya petroli ya cc 1971, kabureta na gia nne. Ekzosi yake ya asili ililiwa na kutu kuanzia kwenye mishono ya sailensa, kama ilivyo kawaida ya vyuma vya pwani, na kwa kuwa nyingine ya kiwandani haikupatikana, karakana moja ya hapa kisiwani Mombasa iliniundia mpya. Bomba la sasa ni pana kuliko lile la zamani. Mahali palipokuwa na sailensa mbili, moja chini ya sakafu na nyingine nyuma, imebaki ya nyuma peke yake, tena fupi, na kabla haijafungwa niliweza kuchungulia ndani yake nikaona mwanga wa upande wa pili.

Gari likiwa limesimama mlio wake unavumilika. Ila nikishika barabara ya Malindi na kufikia kilomita 80 kwa saa, ndani hujaa mvumo mzito unaotikisa vioo vya nyuma, na aliyekaa kiti cha nyuma hulazimika kupaza sauti ili asikike. Nikipunguza hadi 65 au nikipita 95 mvumo huo hupungua. Jambo la pili linalonikera zaidi ni majirani. Naishi Mji wa Kale, ambako njia ni nyembamba na kuta za mawe hurudisha kila sauti, nami hutoka kazini kwangu alfajiri, wakati wazee na wagonjwa bado wamelala. Nimeshauriwa nisokomeze sufu ya chuma kwenye ncha ya bomba. Je, jambo hilo lina usalama?

FundiMakupa

Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Usisokomeze kitu chochote kwenye ncha ya bomba. Sufu ya chuma huungua, hukatika vipande na kurushwa nje, na ile inayobaki huikaba injini: nguvu hupungua, na joto hupanda kwenye vali za kutolea moshi. Baya zaidi ni kwamba moshi uliozuiwa nyuma hutafuta pa kutokea kwenye viungo vilivyolegea chini ya sakafu, kisha huingia ndani ya gari, nao umebeba monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba unachokisikia ni sauti ya sailensa kweli. Asubuhi injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali pa wazi, mwombe mtu aliwashe, nawe uzibe ncha ya bomba kwa kitambaa kinene kilicholoa kwa sekunde chache tu. Ukisikia mfoko kwenye kiungo chochote, hasa pale bomba linapopokea manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini), gasketi inayoziba kiungo hicho imekufa. Alama nyingine ni masizi meusi yaliyotambaa kando ya kiungo. Ukimaliza hapo, zima injini, acha ipoe, kisha ulisukume bomba kwa mkono kila upande. Linatakiwa liyumbe kwenye raba zinazolining'iniza bila kugusa sakafu wala ekseli. Bomba likigusa bodi hata mahali pamoja, bodi yote inageuka kuwa ngoma.

Simba_wa_Changamwe

Mimi ningeuacha mlio huo kama ulivyo. 504 ndizo zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na sauti hiyo ni sehemu ya heshima ya gari.

BiMhandisiTudor

Kaka Simba, heshima ya gari hilo hakuna anayeikataa, ila yale yalikuwa magari ya mashindano, na hili linapita mlangoni pa watu alfajiri. Zaidi ya hayo, sheria ya trafiki inataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na zipo kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo iliyozidi.

Ndugu uliyeuliza, maelezo yako kwamba mvumo hupanda kwenye 80 na kushuka ukipita 95 ndiyo yenye jibu. Injini ya silinda nne ya mipigo minne hutoa milipuko miwili katika kila mzunguko. Ikiwa kwenye gia ya nne unakimbia na mizunguko kama 2,700 kwa dakika, hiyo ni milipuko 90 kila sekunde, na sauti nzito ya namna hiyo, ikisafiri ndani ya moshi wa moto, huwa na wimbi lenye urefu unaozidi mita tano, yaani refu kuliko gari lenyewe. Sailensa uliyofungiwa, ile uliyoona mwanga kupitia ndani yake, ni bomba lenye matundu lililozungushiwa sufu ya kioo. Sufu hiyo hunyonya vizuri sauti kali na nyembamba, lakini unene wake wa sentimita chache hauwezi kulizuia wimbi la mita tano. Ndiyo maana gari lako halipigi kelele za kukwaruza, bali linavuma.

Sauti nzito huhitaji sailensa ya vyumba, ambamo moshi hupitishwa chumba kimoja hadi kingine na mawimbi yakirudi hukutana na yanayokuja, yakapunguzana nguvu. Kiwanda hakikuweka sailensa mbili kwa mapambo. Kila moja hushughulikia sauti ambazo mwenzake haziwezi. Kwa hiyo rai yangu ni kurudisha ile ya mbele, ya vyumba, chini ya sakafu. Kuibadilisha ya nyuma peke yake kutaleta nafuu kidogo tu. Kama bomba la kipimo cha zamani linapatikana, lirudishe pia, kwa kuwa injini hii haihitaji upana huo na bomba pana huziachia sauti nzito zipite kirahisi.

MkaziWaNdiaKuu

Nawashukuru sana. Nimelikagua gari kama alivyoelekeza Fundi. Kwenye kiungo cha manifoldi palikuwa na masizi, na gasketi ilikuwa imepasuka. Pia raba moja ya nyuma haikuwepo kabisa. Bomba lilikuwa limefungwa kwa waya wa kufungia nondo, likaegemea chuma cha bodi karibu na buti hadi rangi ikachubuka. Nimeweka gasketi mpya na raba, na vioo vimeacha kutetemeka. Mvumo wa kwenye 80 bado upo, ingawa si mkali kama mwanzo. Sasa nataka kuirudisha sailensa ya mbele. Nizingatie nini, hasa kwa kuwa mara nyingi huvuka Likoni kwa feri?

FundiMakupa

Umeuliza jambo la maana, maana rempu ya feri imeng'oa sailensa nyingi, maji yakiwa yamekupwa na mteremko umesimama. Chagua sailensa bapa yenye umbo la yai, wala si ya mviringo, na fundi aipandishe karibu na sakafu huku akiacha nafasi ya vidole viwili ili isiguse gari likijaa watu. Usisahau bati la kukinga joto kati yake na zulia. 504 ziliunganishwa papa hapa Mombasa kwa miaka mingi, kwa hiyo zungukia wauza vipuri vya zamani kwanza. Hata sailensa iliyooza ni mali, kwa kuwa itampa fundi vipimo na mahali pa kuikalisha.

Kabla ya kuchomelea, chomoa waya za betri, la sivyo unaweza kuunguza alteneta inayochaji betri. Ncha ya bomba ifike nje ya bampa, isiishie chini ya buti.

BiMhandisiTudor

Naongeza kuhusu kutu. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke, na katika safari fupi za mjini mvuke huo hugeuka maji ndani ya sailensa kabla haijapata moto wa kutosha. Mwombe fundi atoboe kitundu kidogo mahali pa chini kabisa pa sailensa ya nyuma, na ukiweza kumudu gharama, chagua chuma cha pua au chuma kilichopakwa aluminiamu.

Pima sauti kwa programu ya simu kabla ya kazi na baada yake, kwa mwendo uleule, barabara ileile na madirisha yakiwa yamefungwa. Usizitegemee namba zenyewe, tazama tofauti yake: ikishuka kwa desibeli kumi, sikio litaona kelele imepungua kama nusu.

FundiMakupa

Ukishafunga, endesha mpaka mfumo wote upate moto, uache upoe, kisha kaza klampu zote tena, kwa sababu chuma kipya hulegea kikishapanuka na kusinyaa. Kama mvumo utabaki baada ya hapo, kagua raba za kukalia injini na mpira wa mlango wa buti kabla ya kuigusa ekzosi tena.