Barua Kutoka Indiana: Gumzo la Kikundi cha Familia, Lubumbashi

Mjomba (Kamalondo), Jumamosi 17:05
Salamu kwenu nyote katika jina la Bwana. Ile barua niliyowagusia juzi imekwisha kutafsiriwa, na mpwa wetu aliye Kinshasa ataiweka hapa sasa hivi. Naomba kila mmoja aisome mpaka mwisho kabla ya kuandika lolote, na naomba pia isitoke nje ya kikundi hiki, kwa sababu inawahusu watoto wawili wa marehemu dada yangu. Baba yao, shemeji wetu wa Kipushi, nimemwingiza kikundini leo asubuhi. Mpokeeni.

Mpwa (Kinshasa), 17:11
Hii hapa. Imeandikwa na mke, lakini wametia sahihi wote wawili. Sikupamba neno.

«Ndugu zetu wa Lubumbashi, sisi ni mume na mke tunaoishi Indiana, Marekani. Mwaka 2012 tuliamini kwamba Mungu anatuita tuwalee watoto wasio na wazazi, na kanisa letu likaamini pamoja nasi: walipika vyakula vya kuuza, wakaosha magari ya watu siku za Jumamosi, wakachanga mpaka yakapatikana makumi ya maelfu ya dola yaliyohitajika. Tuliletewa picha ya msichana wa miaka minne amemshika mdogo wake mkono, pamoja na karatasi iliyosema kwamba baba na mama wote wamefariki. Mapema mwaka 2013 mahakama ya Lubumbashi ikaamua kwamba ni watoto wetu.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo vibali vya kutoka Kongo vikasimamishwa. Kwa hukumu ya nchi yenu walikuwa wetu, lakini kupanda ndege hawakuruhusiwa. Tukalipia malezi yao katika nyumba ya mama mmoja mtaa wa Golf, tukawa tunaonana nao kwa video, na mwaka 2014 mimi mwenyewe nilikuja nikakaa nao miezi kadhaa. Nilijifunza kupika sombe, nilikuwa nawaogesha jioni, Jumapili tunakwenda ibadani pamoja. Hakuna aliyeniambia kwamba bibi yao anaishi katika mji uleule. Walitoka mwanzoni mwa 2016.

Huku kanisa lilitupokea kama mashujaa, jambo lililotufurahisha mwanzoni na kutuchosha baadaye. Usiku tulikuwa tunawasikia wakizungumza Kiswahili chumbani mwao. Baada ya muda dada akawa anauliza kwa Kiswahili na mdogo wake anajibu kwa Kiingereza, kisha dada naye akaacha kuuliza. Alipofikia miaka kumi na miwili aliombwa asimame mbele ya waumini aeleze jinsi Mungu alivyomwokoa kutoka Afrika, akakataa. Tulipokuwa garini kurudi nyumbani alisema kwamba kulikuwa na Kambo (yaani bibi) aliyekuwa anampikia, na kwamba hawezi kusimama mbele ya watu kana kwamba Kambo hakuwako. Sisi miaka yote tulidhani ni mfanyakazi wa kituo.

Ndipo tukalifungua tena jalada. Tarehe za kuzaliwa za watoto hawa wawili, wa tumbo moja, zimepishana miezi mitano. Karatasi hizo tulizitia sahihi, tukazipeleka ubalozini, zikapita mikononi mwa maofisa wa nchi mbili, na hakuna aliyehesabu. Tukatafuta mtu wa kutusaidia huko, akafika mpaka kwenu, na mwezi uliopita akatuandikia kwamba baba yao yu hai. Watoto tuliwaombea kila usiku kwa majina. Baba yao hatukumwombea, maana tuliambiwa amekufa.

Binti yetu sasa ana miaka kumi na saba. Anauliza kama baba yake alimtoa au kama alichukuliwa, nasi hatutaki kumjibu kwa kubahatisha. Tunaomba mtuambie yaliyotokea. Tukijaliwa, tungependa pia kuwaleta wawaone.»

Shangazi (Katuba), 17:38
Ngojeni kwanza. Mtaa wa Golf, mwaka 2014? Sisi tuliambiwa walipanda ndege Luano mwaka 2013, kabla ya Pasaka, na Mama alifunga siku nzima akiwaombea safari. Kwa hiyo tulipokuwa tunakula Noeli ya 2014 hapa Katuba, watoto walikuwa upande wa pili wa mji, mwendo wa teksi mbili?

Mama Mdogo (Likasi), 17:41
Na yule bwana aliyetuletea karatasi za kuwapeleka watoto alikuwa bado anakuja kuchukua nauli kwangu, eti ya kufuatilia habari zao Marekani.

Yaya (ndugu mkubwa) Wakili, 17:55
Hilo la vibali ni kweli, nami nalikumbuka vizuri kwa sababu lilitingisha ofisi zetu zote. Tarehe 25 Septemba 2013 Idara Kuu ya Uhamiaji, yaani DGM, iliacha kutoa vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni. Sababu zilizotolewa ni kwamba watoto fulani wakifika ng'ambo walikuwa wanateswa, au wazazi waliowachukua wanawapitisha kwa familia nyingine. Na karatasi za kughushi nazo zilikuwa zimezidi. Waitaliano walibahatika mapema, kwani Mei 2014 watoto 31 waliruhusiwa kwenda Italia kwa ndege moja. Wamarekani walisubiri hadi tume ya wizara mbalimbali ilipopitia majalada, kundi moja likatoka mwishoni mwa 2015 na waliobaki mwanzoni mwa 2016. Tarehe za barua hii zinalingana na historia, kwa hiyo mimi naamini kwamba huyu mama anasema kweli. Aliyetudanganya sisi ndiye aliyemdanganya na yeye.

Niongeze kwamba tume ile ilikagua majalada, haikukagua familia. Jalada lililoandikwa uongo kwa mwandiko mzuri lilipita.

Shangazi (Katuba), 18:02
Wakili, mimi sitaki historia. Nataka kujua nani alikuwa anamtengeneza mtoto nywele miaka ile miwili na zaidi, na mimi niko hapa.

Mama Mchungaji, 18:20
Wapendwa, niruhusuni niseme neno kama mtu wa kanisa, kwa sababu barua hii imeandikwa na watu wanaoomba. Nimewahi kuwakaribisha wageni wa namna hii, na mara nyingi wanakuja wakiwa wameshika Yakobo 1:27, ule mstari wa yatima na wajane. Wengi huanza na yatima wakasahau kwamba mjane ametajwa katika sentensi ileile. Wangekuja kwanza Kipushi wakamkuta mwanaume aliyefiwa na mke, ana watoto wawili na kazi isiyotabirika, sehemu ndogo tu ya fedha zile ingeiweka nyumba hiyo sawa kwa miaka. Siwalaumu hawa wawili peke yao. Makanisa yetu hapa nayo yalipiga makofi kila mzungu aliposimama na mtoto mweusi kifuani, na hakuna mchungaji aliyeuliza shangazi wa mtoto yuko wapi. Kinachonigusa ni kwamba wamelifungua jalada wao wenyewe, bila kulazimishwa na mtu, na binti alipokataa kutoa ushuhuda hawakumlazimisha.

Binamu (Ruashi), 18:31
Mimi nitasema ambalo wengine wanalifikiria. Watu hawa wana uwezo. Shangazi ana watoto watatu ambao karo yao ya muhula huu haijalipwa. Wanataka ukweli, tuwape ukweli, lakini nao watusaidie. Hiyo si dhambi. Hata undugu una haki zake.

Mjomba (Kamalondo), 18:44
Binamu, umesema wazi na ninakushukuru, kwa sababu jambo hili lingenong'onwa jikoni kwa miezi. Shida ya karo ni ya kweli na tutaizungumza, lakini haitaandikwa katika barua hii ya kwanza, wala ya pili. Jiweke mahali pa msichana wa miaka kumi na saba anayeuliza kama alitolewa au alichukuliwa. Jibu likimfikia likiwa na ombi la dola mia tano chini yake, atalisoma lile ombi na kuacha mengine yote, na kwa maisha yake yote ataamini kwamba sisi ndio tuliomuuza. Siku watakapotufahamu kwa sura, wakaketi kwetu wakala bukari, ugali wetu, wataona wenyewe nani anahitaji nini. Mimi ni kaka wa mama yao, na kwa mila yetu neno langu juu ya watoto wa dada yangu lina uzito. Hapa ninaliweka lote.

Binamu (Ruashi), 18:46
Nimesikia, Mjomba. Sikubaliani, lakini nimesikia.

Shemeji (Kipushi), 19:30
Nawasalimu wote, na kijana wa jirani ndiye anayeniandikia. Mke wangu alifariki mwaka 2011. Mimi nilikuwa nachimba kwa mikono, natoka gizani narudi gizani, watoto wakaenda kwa Kambo, naye alikuwa tayari na wajukuu wengine chini ya paa moja. Yule bwana alikuja na karatasi za Kifaransa, akatueleza familia ikiwa imekaa, kwamba kuna watu wa Mungu watakaowasomesha watoto mpaka wamalize, kisha watarudi wakiwa watu wazima, na kwamba kila mwaka nitaletewa picha. Niliweka dole gumba. Picha ililetwa moja, wamevaa sweta nyekundu, na nyuma yao kuna ukuta wa bluu. Nilidhani ule ni ukuta wa Marekani. Leo naanza kufikiri ni ukuta wa Golf.

Sikupewa pesa, hata faranga moja, na ninalisema kwa sababu najua litaulizwa. Mahakamani sikuitwa. Leo nimeelewa kwa nini: kwenye jalada nilikuwa nimekwisha kuzikwa.

Binti anauliza kama nilimtoa. Nilimtoa aende shule. Kumtoa awe wa watu wengine moja kwa moja, hilo sikuulizwa, na kama ningeulizwa ningekataa. Nitamwambia mwenyewe kwa sauti yangu, na huyo mama na mumewe wasikie pia. Wamewalea watoto wangu tangu 2016 na hawakuwatupa. Hilo nitalisema la kwanza.

Yaya Wakili, 19:52
Shemeji, maneno yako yanatosha, usiyabadilishe. Nataka tu ujue jambo moja linalonikera kama mwanasheria. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamhesabu mtoto kuwa yatima hata mzazi mmoja akiwa hai, mradi mzazi huyo hana uwezo wa kumtunza na amemwachilia kwa maandishi yasiyotenguliwa ili aondoke nchini na kuasiliwa. Kwa hiyo haikuwa lazima ufe kwenye karatasi. Walikuua kwa sababu mtu aliye hai angeitwa na hakimu, angeelezwa maana ya «yasiyotenguliwa», na pengine angesema hapana. Shauri zima lingesimama hapo.

Upande wetu, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mtoto aliyeasiliwa hubaki na uhusiano wake na familia ya asili. Kwa sheria ya Kongo wewe ungali baba yao. Kwa sheria ya kule, haki zako zilikoma hukumu ilipokubaliwa, na watoto wakawa raia wa Marekani walipoingia. Hili si la kugombania, maana hakuna anayetaka kumrudisha mtu kwa nguvu, lakini ni vizuri binti ajue kwamba kwetu hakufutwa.

Kuhusu kuja, wajiandae: uraia wa Kongo haushikwi pamoja na uraia mwingine, kwa hiyo wataombewa viza kama wageni waje Lubumbashi walikozaliwa. Nitaandika barua ya mwaliko.

Mjukuu kwa niaba ya Kambo, 20:10
Kambo amesikiliza barua yote, nimemsomea mara mbili. Anasema niandike hivi: yule mama aje, na asije na zawadi nyingi kana kwamba anakwenda kulipa faini. Anauliza kama mvulana bado anaogopa kuku. Anasema pia wasifikie hotelini, na hapo amekasirika kabisa.

Shangazi (Katuba), 20:13
Hotelini? Nani amesema hotelini?

Mjukuu kwa niaba ya Kambo, 20:14
Hakuna, Shangazi. Anakataa mapema.

Mama Mdogo (Likasi), 20:22
Tusiwalazimishe, Mama anisamehe. Watoto waliokulia kule wanaweza kuhitaji mlango wao wa kufunga, hasa siku za kwanza, na huyo binti akijisikia amezingirwa na watu thelathini wanaolia, hatarudi tena. Walale wanakotaka, wale kwetu.

Mpwa (Kinshasa), 20:35
Naomba maelekezo. Je, jibu niliandike kwa wazazi au kwa binti mwenyewe?

Mjomba (Kamalondo), 20:41
Kwa wazazi, nao watampa. Hajafikia miaka kumi na minane, na wao ndio waliouliza kwa heshima, tusiwaruke. Barua iwe fupi: tumepokea, baba yu hai na sauti yake imeambatanishwa, Kambo yu hai, hakuna fedha iliyopokelewa na familia kwa ajili ya watoto. Waombe pia nakala ya kila karatasi iliyo na jina la Shemeji au dole gumba lake. Yule bwana tutamzungumzia na Wakili kando, si humu.

Shemeji (Kipushi), 20:50
Kesho nitafika Kamalondo baada ya ibada, turekodi. Kadi za kliniki za watoto wote wawili ninazo, mama yao alizitunza kwenye mfuko wa nailoni. Tarehe zao za kweli zimo.

Yaya Wakili, 20:53
Zilete zote mbili, usizikunje. Nitazipiga picha kabla hatujaanza kurekodi, na Mpwa azitume pamoja na sauti yako, ili wakitaka kusahihisha kumbukumbu za kuzaliwa katika mahakama ya kwao wawe na pa kuanzia.

Shangazi (Katuba), 20:55
Shemeji, pitia Katuba kwanza, utakula kabla ya kurekodi. Mama anataka kuziona hizo kadi.