Chicago mpaka Minneapolis kwa gari, tusimame wapi?

Mzaramo_wa_Mbagala: Wakuu habarini, mimi na waifu tunatoka Dar kwenda kwa shemeji Chicago halafu tunaendesha mpaka Minneapolis, hatutaki kushinda madukani, tunataka makumbusho ya ajabu ajabu na bustani, mnashauri nini?

Mjomba Kkoo: Mkuu usipite Wisconsin bila kuingia House on the Rock pale Spring Green, aisee nyumba iko juu ya mwamba, kuna chumba kimetokeza nje hewani kama mita 66 hivi, chini yake bonde, madirisha zaidi ya 3,000, halafu kuna bembea kubwa ya kuzunguka ina wanyama 269 na hakuna hata farasi mmoja!! Jipeni siku nzima na vaeni raba, ni kutembea mwanzo mwisho.

Da Zuu: Naunga mkono. Ila Madison msiiruke, bustani ya Olbrich ina banda la Kithai limepakwa dhahabu na bustani ya nje haina kiingilio, mi ndo ninayoipenda kuliko zote. Jirani Middleton kuna makumbusho ya haradali, nayo bure, na unaonja.

Mzaramo_wa_Mbagala: Asanteni sana. Na yale makumbusho ya SPAM ya Austin, Minnesota?

Da Zuu: Bure pia, ila ujue ni nyama ya kopo ya nguruwe, kama hamtumii basi nendeni moja kwa moja Minneapolis mkaone lile sanamu la lijiko lenye cheri, lipo kwenye bustani ya sanamu tangu 1988.