Vata imepanda, silali: naombeni ushauri

Binti_Pwani: Wakuu habari za humu. Nina miaka 27, nasoma Pune, India. Miezi miwili sasa silali, ikifika saa nane usiku macho makavuu, moyo unadunda, nimekonda, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye sosa. Mama mwenye nyumba akanipeleka kwa vaidya, tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, akanishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu akatazama na ulimi akasema vata imepanda, yani upepo umezidi mwilini. Nile vya moto vyenye samli, saladi na vikavu niache, nijipake mafuta ya ufuta ya vuguvugu kabla ya kuoga. Nani ashawahi kutuliza vata, ilimchukua muda gani?

Mzee_Tanga: Binti yangu, vata yao ni baridi na ukavu, sasa sisi huku baridi yabisi ni nini kama sio hiyo hiyo? Marehemu bibi alikuwa akikandwa magoti kwa mafuta ya ufuta kila magharibi, anafungwa kipande cha kanga, na mkandaji nilikuwa mimi, mpaka leo nikisikia ile harufu namkumbuka.

Mama_Ibra: Vijana mnakesha na simu halafu mnasingizia upepo. Zima simu, tawadha, lala.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, unatumia dawa gani?

Binti_Pwani: Hamna dawa, ashwagandha tu aliyonipa, unga wa mzizi, naweka kwenye maziwa usiku.

Nesi_Mstaafu: Na nyingine?

Binti_Pwani: Kidonge cha thairoidi, ile tezi ya shingoni, asubuhi, tangu 2021, sikuona kama kinahusu. Na nataka kukiacha maana nimeshalipa nusu ya panchakarma, tiba yao ya kusafisha mwili, huko Kerala kusini mwa India, siku 21, vitu vya asili havina madhara.

Nesi_Mstaafu: Kinahusu sana! Ashwagandha inaweza kupandisha homoni za thairoidi, na wewe unazimeza tayari. Kukonda, kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kukata, ndo dalili za homoni kuzidi. Simamisha huo unga, kidonge usikiache kienyeji, kapime TSH, kipimo cha damu cha thairoidi. Na hiyo "asili", kuna utafiti uliotoka mwaka 2004, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zinauzwa Boston, Marekani, 14 zikakutwa na metali za sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mafuta ya kujipaka endelea nayo, hayo sina ugomvi nayo.

Jicho_Kali: Hii chai. Wenyewe wa Ayurveda wanasema vata hupanda uzeeni na msimu wa baridi kavu, wewe una 27 na Pune mwezi huu wa tano ni joto la kufa mtu. Subirini, sasa hivi inashuka namba ya WhatsApp ya kuuza mafuta.

Mama_Ibra: Enhee, hata mimi nilishtuka, juzi si kulikuwa na yule wa mlonge.

Mzee_Tanga: Muacheni mtoto wa watu. Kukosa usingizi na safari nyingi navyo wanasema vinapandisha vata, sio uzee peke yake.

Binti_Pwani: Siuzi kitu jamani. Naandika huku nalia.

Nesi_Mstaafu: Vaidya anajua kuhusu kidonge?

Binti_Pwani: Aliniuliza mara mbili natumia dawa gani nikasema hamna, niliogopa atanikatalia Kerala.

Nesi_Mstaafu: Mpigie sasa hivi.

Binti_Pwani: Nimempigia. Amekaa kimya kidogo akaniuliza unga naweka kiasi gani. Yeye alisema nusu kijiko. Mimi nilikuwa naweka viwili.