Dola 12 mfuko mmoja wa barafu, na anayetuuzia ni ndugu yetu! (Houston)

Wakuu, leo Alhamisi, siku ya nne hatuna umeme, na naandika nikiwa na hasira. Mtu asiniambie nipunguze jazba.

Kimbunga Beryl kilitupiga alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024. Kilitua upande wa Matagorda, pwani ya Texas, kikiwa cha daraja la 1, la chini kabisa, na watu wakasema aah, daraja la 1 tu, sisi tumekiona kimbunga Harvey cha 2017. Harvey yalikuwa maji. Hiki kimeangusha miti juu ya nyaya, wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme, na ni Julai! Ile baridi ya Februari 2021 umeme ulipokatika tulijifunika mablanketi. Joto hili utavua nini? Ramani ya kampuni ya umeme ya kuonyesha wapi umekatika imekufa tangu dhoruba ya Mei, mpaka watu wanafungua programu ya mgahawa wa baga waone tawi gani limefungwa, ndiyo wajue mtaa gani una umeme.

Lakini hao nawaacha. Kilichonileta hapa ni mtu wetu, anayeongea Kiswahili kama mimi na wewe.

Jumanne alichukua pikapu yake akaelekea njia ya San Antonio, akarudi amejaza barafu na madumu ya petroli. Akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ndugu zangu, msaada umefika." Msaada! Mfuko wa barafu ambao dukani ni kama dola 3, yeye dola 12. Dumu la galoni 5, dola 60. Angeongeza dola 2 za safari yake ningemshukuru, tena ningemsaidia kushusha.

Jirani yangu ni bibi wa kutoka Kivu, anajidunga insulini. Kalamu ambazo hajafungua zinatakiwa zikae kwenye baridi. Hana gari, mwanawe yuko zamu za usiku. Alitoa dola 24 kwa mifuko miwili, Jumatano asubuhi yote maji. Akanunua tena. Dola 48, za mtu anayehesabu hela ya mkate!

Nilimfuata yule bwana kwenye maegesho. Akanijibu, "Kama huna hela kaa na joto lako." Tukashikana mashati mbele ya watoto. Sijivunii. Sijalala siku tatu, na asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kuamulia watu wawili kwenye foleni ya mafuta, mmoja kachomekea gari.

Huyo huyo amekodisha jenereta kwa familia ya ghorofa ya pili. Wakaiweka barazani, chini ya dirisha la chumba wanacholala watoto. Moshi ule unaua mtu usingizini, na hakuwaambia neno. Nilipanda mwenyewe kuizima.

Jioni wazee wa jumuiya wakapiga simu. Hawakumpigia yeye, walinipigia mimi! "Kaka, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani, usituaibishe." Aibu ni mimi kusema, au ni bibi kuporwa na mtu anayemwita mwanangu? Undugu gani huu unaokumbukwa pale tu aliyeumizwa anapofungua mdomo?

Hapa Texas, maafa yakishatangazwa, kupandisha kupita kiasi bei ya mafuta, chakula, dawa na mahitaji mengine ya lazima ni kosa, na sisi wa kaunti ya Harris, yaani hapa Houston, tumo kwenye tangazo. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo inapokea malalamiko, na adhabu yaweza kufika dola 10,000 kwa kosa moja. Picha za matangazo yake ninazo. Aliyemlipa kwa simu anitumie ushahidi wa malipo leo, maana kesho asubuhi napeleka, wazee wapende wasipende.

Na wewe ambaye umeme umekurudia jana ukanyamaza kwenye kundi, tafadhali nijibu. Kalamu za bibi zinaingia kwenye kiboksi kidogo kuliko paketi ya maziwa. Nitazileta mwenyewe kwenye friji yako.